Salaita, Taveta, Tanga hadi Dar: tumezunguka viwanja vya Vita Kuu ya Kwanza na Mzee wa miaka 79 na watoto wawili (mrejesho)

#1 Mpare wa Milimani

Wakuu, habari za wikiendi. Kabla ya likizo ya Desemba niliuliza humu kama kuna aliyewahi kupeleka familia kwenye viwanja vya vita vya 1914 huku kwetu. Nikajibiwa na watu wawili, mmoja wao akanishauri niwapeleke Mikumi wakaone simba. Simba wapo kila mwaka. Tumekwenda, tumerudi salama, na ahadi ni deni.

Msafara ulikuwa hivi: mimi dereva, mama watoto, binti wa kidato cha pili, kijana wa miaka 9, na baba yangu mzazi, ambaye nitamwita Mzee. Ana miaka 79 na goti moja bovu. Safari hii kwa kweli ni yake. Babu yake alichukuliwa Usangi mwaka 1916 kubeba mizigo ya jeshi. Baba yake Mzee wakati huo alikuwa mtoto wa miaka kama sita, na maisha yake yote alikumbuka mawili tu: kwamba walikuja asubuhi kabla uji haujaiva, na kwamba waliambiwa wanapelekwa Kilwa. Hakurudi. Kama waliomchukua ni Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma au Waingereza waliokuwa wakiwafukuza, hakuna anayejua nyumbani. Mwaka ule wote wawili walipita kwenye reli ya Usambara, na wote walikuwa wanatafuta mabega.

Jina la huyo babu ndilo jina la kijana wangu. Shikeni hapo, tutarudi.

Nitaandika vipande vipande maana natumia simu.

#2 Kobe Mwendapole

Siti ya mbele. Picha lakini, mkuu.

#3 Mama Wawili

Miaka 79, goti bovu, mnampandisha vilima vya Taveta na jua la Desemba? Haya, tuambie.

#4 Mpare wa Milimani

TAVETA

Mpaka wa Holili mambo yote ni jengo moja, unagongewa mihuri ya nchi zote mbili mle mle. Sisi tulikaa saa tatu. Kosa ni langu: hati ya kijana niliisahau Moshi kwenye droo, nikidhani mtoto wa miaka 9 anapita kwa mgongo wa mama yake. Hapiti. Kila kichwa kina hati yake, na gari nalo lina bima yake ya kuvukia. Nikarudi Moshi peke yangu, familia ikabaki inakunywa chai na mandazi. Nilipofika tena hakuna aliyenisemesha mpaka Taveta.

Usiku binti akaniuliza swali la maana: vita vya Ulaya vilifuata nini kwenye nyika hii? Jibu lake ni reli na maji. Waingereza walikuwa na reli yao ya kutoka Mombasa kwenda bara kupitia Voi. Wajerumani walikuwa na ya Usambara, Tanga mpaka Moshi. Katikati ni nyika kavu, miiba mitupu, na maji ya kutosha yapo Taveta. Agosti 1914 Wajerumani wakaiteka Taveta, na kwa mwaka mmoja na nusu wakawa wanatuma vikosi vidogo usiku kwenda kulipua reli ya Waingereza. Waingereza nao wakaanza kujenga reli nyingine kutoka Voi kuja upande huu ili wasafirishe jeshi kubwa. Tuta lake mtaliona kando ya barabara.

Asubuhi tukaenda Salaita. Nawaambia mapema ili msije mkakata tamaa: ni kilima kidogo. Kijana alishuka kwenye gari akasema, "Baba, hiki si kichuguu?" Lakini tarehe 12 Februari 1916 kichuguu hicho kiliaibisha brigedi nzima ya Waafrika Kusini waliokuwa ndio kwanza wameshuka melini. Waliambiwa kilimani kuna watu mia tatu hivi. Kumbe walikuwa zaidi ya elfu, wengi wao askari weusi wa jeshi la Mjerumani, na bunduki za rasharasha. Mizinga ya Waingereza ikatwanga kileleni asubuhi nzima. Kileleni hapakuwa na kitu. Mahandaki yenyewe yalikuwa chini, kwenye miguu ya kilima, yamefichwa kwa vichaka. Waliposogea ndipo wakakutana nayo, na askari wakatoka na singe wakawatimua.

Waliozuia janga lisiwe kubwa zaidi ni Wabaluchi wa Bara Hindi, kikosi cha 130, ambao asubuhi yake Waafrika Kusini walikuwa wanawaita makuli. Inasimuliwa kwamba baada ya vita Wabaluchi walirudisha bunduki ya rasharasha ambayo wenzao waliitupa wakati wa kukimbia, na ikaandamana na barua ya heshima kabisa: tafadhali msituite tena makuli. Binti alicheka mpaka akakaa chini. Kwake huo ndio ulikuwa mwisho wa somo la Salaita, na sidhani kama alikosea.

Mahandaki bado yapo, mitaro iliyofukiwa nusu na marundo ya mawe waliyojikingia. Tulikuwa na kijana mwenyeji aliyetuongoza. Msiende bila mwenyeji, si kwa ajili ya historia tu: hifadhi ya Tsavo iko jirani na tembo hawana mpaka. Mkiona ganda la risasi liacheni palepale. Kwanza sheria za mambo ya kale za nchi zote mbili zinakataza, pili si kila ganda ni tupu.

Sasa Mzee. Tulimwacha kivulini na chupa ya chai, yeye na kiti chake. Tuliporudi tukakuta amembana yule mwenyeji na swali moja: "Watu elfu moja walikaa juu ya kilima hiki mwaka mzima. Maji walipata wapi?" Akaambiwa kilimani hakuna maji, mto wa karibu ni Lumi, kule upande wa Taveta. Mzee akauliza, "Nani alikuwa anayaleta?" Mwenyeji akanyamaza. "Basi mmewaonyesha watoto mahandaki. Nionyesheni njia ya maji." Hakuna njia ya maji kwenye ramani yoyote, lakini tulimwendesha taratibu kutoka kilimani mpaka Lumi, dirisha limeshushwa, akiangalia nje bila kusema neno. Kilomita kadhaa, kwa gari lenye kiyoyozi, na kijana alikuwa ameshaanza kulalamika kiu.

Mchana tukaenda makaburi ya jeshi Taveta. Pasafi, majani yamekatwa, mawe yamepangwa kwa kamba. Wengi ni Waafrika Kusini, yale mawe yenye kichwa cha swala. Wengine waliuawa mwezi mmoja baada ya Salaita, usiku wa tarehe 11 Machi 1916, kwenye pengo kati ya vilima vya Latema na Reata. Vilima hivyo mnaviona mkiwa mnarudi mpakani.

Kijana, bila kuambiwa na mtu, alianza kusoma mawe mstari kwa mstari. Nikadhani anacheza. Alipomaliza akaja kwangu: "Jina langu halipo."

Mimi nikatafuta la kusema. Mzee akamjibu akiwa ameegemea fimbo: "Halipo. Hawa ndio waliobebewa."

#5 Kobe Mwendapole

Mzee huyo aje afundishe shule.

#6 Shangazi wa Mwatate

Karibuni tena kwetu Taita Taveta. Naongeza kidogo. Watu wengi watawaambia jina Salaita limetokana na "slaughter", neno la Kiingereza la kuchinja, ati wenyeji walisikia wazungu wakilia hivyo. Ni hadithi tamu ya kuwapa wageni, lakini usiimeze nzima. Kuna pia mbuyu mkubwa barabarani ambao husemwa mwanamke wa Kijerumani alijificha ndani akawa anadungua Waingereza mmoja mmoja. Huo nao watoto wataupenda, waambie tu kwamba ni hadithi.

Mngefika Voi mngeona kaburi la Wilbur Dartnell. Mwaustralia huyo alikuwa luteni, Septemba 1915 karibu na Maktau. Walishambuliwa, yeye akajeruhiwa mguuni, akabebwa. Alipoona majeruhi wengine hawawezi kubebwa akakataa kuondoka, akabaki nao ili awalinde. Aliuawa pamoja nao. Akapewa Msalaba wa Victoria, nishani kubwa ya ushujaa ya Uingereza, baada ya kufa. Na pale Maktau kuna makaburi ya Wahindi pembeni ya reli. Ni wachache wanaosimama, mabasi yanapita tu.

#7 Mwana wa Vihiga

Mimi ni Mmaragoli. Nimesoma hapo kwa babu aliyepelekwa Kilwa nikaweka simu chini kidogo.

Kwetu walichukuliwa wengi, wazee wakiita vita hivyo Kariakor. Kaka yake babu ya mama alienda, hakurudi. Walingoja miaka, halafu wakakata kigogo cha mgomba, wakakizika bomani kama mtu, wakalia matanga yote. Kwetu mtu asiyerudi huzikwa hivyo ili asihangaike. Kaburi hilo liko hadi leo, na kila mtu nyumbani anajua kilichomo ni mgomba. Sisi hatujawahi kwenda Taveta kutafuta chochote. Hata sikujua kuna pa kwenda.

#8 Sindano Butu

Samahani nitakuwa tofauti. Vita vya wazungu wawili wakigombania shamba la mtu wa tatu. Mnapeleka watoto wakaheshimu makaburi ya waliokuja kututawala, tena mnalipia mafuta. Kwa nini msiende Songea mkaone wazee wetu wa Maji Maji walionyongwa na Mjerumani?

#9 Bi Mkora

Na mimi naogopa, kupeleka mtoto wa miaka 9 makaburini mara mbili kwa wiki si kumtafutia ndoto mbaya? Kwetu makaburini mtoto anakwenda kwa sababu, si kutembea.

#10 Mpare wa Milimani

@Bi Mkora, tulikwenda kwa sababu. Lakini hoja yako ina ukweli: tulijiwekea kanuni ya kaburi moja kwa siku, na jioni ni kuogelea au chipsi. Siku niliyoivunja, kijana alilala mezani.

@Sindano Butu, Songea ipo kwenye mpango, nitakuja huko. Ila tusidanganyane kuhusu "vita vya wazungu". Pale Salaita aliyeshika bunduki kwenye handaki alikuwa Mnyamwezi, Msukuma, Mmanyema. Upande wa pili, ukiacha Waafrika Kusini na Waingereza, walikuwepo Wahindi na, kwenye vita hivi kwa ujumla, KAR wa kwetu, yaani askari Waafrika wa jeshi la Mwingereza. Na chini ya wote hao, aliyepandisha maji. Kama ni vya wazungu, mbona marehemu wetu ndio wengi?

#11 Sindano Butu

Hapo umenipata kidogo. Endelea.

#12 Mpare wa Milimani

TANGA

Kutoka Moshi tulishuka Same, Hedaru, Mombo. Njia hiyo, Mei na Juni 1916, ndiyo Wajerumani waliyorudia nyuma wakifuata reli, na jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts likiwasukuma kando ya mto Pangani. Mzee alikuwa kimya tangu Same, ile milima ya kwao ikiwa kushoto dirishani. Akasema mara moja tu, "Wangepitia huku." Hakuna aliyeuliza nani.

Kwa watoto Tanga ndiyo ilikuwa kilele, na kama una nafasi ya sehemu moja tu nenda Tanga, kwa sababu vita vyenyewe ni kama kichekesho kilichoua watu.

Novemba 1914 Waingereza walileta kutoka India watu kama 8,000 kwenye meli, chini ya Jenerali Aitken. Mjini Tanga hapakuwa na jeshi la kutajika. Badala ya kuingia, nahodha wa manowari akashuka tarehe 2 kuwaarifu Wajerumani kwa adabu kwamba makubaliano ya kutopigana hapo bandarini yamekwisha, na akauliza kama bandari imetegwa mabomu. Wajerumani nao kwa adabu wakamwacha aondoke, wakapeleka simu ya maandishi Moshi. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku kwetu, akapakia askari kwenye treni ya Usambara. Waingereza wakashukia Ras Kasone kwenye mikoko na matope, mbali na mji, watu wamechafukwa na bahari kwa zaidi ya wiki mbili. Usiku Lettow mwenyewe alipanda baiskeli akazunguka mjini kwenye mbalamwezi kuangalia adui amefika wapi. Jenerali juu ya baiskeli! (Alikuwa luteni kanali wakati huo, binti kanisahihisha.) Kijana hajaliacha hilo mpaka leo, akiendesha baiskeli yake anasema anakwenda kupeleleza.

Tarehe 4 wakapigana kwenye mashamba na vichaka. Watu elfu moja hivi wa Lettow dhidi ya wale elfu nane. Katikati ya mapigano risasi zikaichokoza mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini, nao wakawashukia wote bila kuuliza uraia. Magazeti ya Uingereza baadaye yakadai Wajerumani waliwatega nyuki kwa nyaya. Tarehe 5 Waingereza wakarudi melini, wakaacha mamia ya bunduki, rasharasha na risasi zipatazo laki sita. Lettow alipigania vita sehemu ya miaka iliyofuata kwa bunduki hizo hizo.

Mtakachoona leo: Ras Kasone yenyewe, ambako watu wanaogelea, makaburi ya Waingereza na Wahindi, makaburi ya Sakarani upande wa Wajerumani, ambako kuna majina ya askari weusi pia. Hili nalitilia mkazo. Sakarani kijana alikuta kwa mara ya kwanza majina ya Kiafrika jiweni, akayasoma kwa sauti, akiyatamka sawasawa kwa sababu ni majina ya darasani kwake. Lakini ni ya askari. La kwake halikuwepo pia.

Halafu Urithi Tanga, jumba la makumbusho ndani ya boma la kale la Mjerumani. Ni dogo, picha nyingi za zamani. Hapo ndipo penye utulivu wa kumweleza mtoto, si juani. Ningekuwa napanga tena ningeanzia pale, kisha Ras Kasone, na makaburi mwisho.

Mzee alisimama ufukweni akitazama bandari, akauliza lile lile: "Mizigo ya meli zile nani aliipakua?" Mama watoto akasema sasa tunajua Mzee atauliza nini kila mahali. Mzee akasema, "Na mimi sasa najua hamtanijibu."

#13 Mchuuzi wa Pweza

Mkuu mngevuka Unguja. Kisiwa cha Chapwani, wengine wanakiita kisiwa cha makaburi, wamezikwa mabaharia wa Pegasus, manowari ya Uingereza iliyokuwa inatengeneza mitambo hapo bandarini ilipopigwa 20 Septemba 1914 na manowari ya Mjerumani, Königsberg. Unakwenda kwa mtumbwi, watoto wanaona pia paa wadogo. Hiyo Königsberg ikaja kujificha delta ya Rufiji mpaka ikamalizwa Julai 1915. Wajerumani wakang'oa mizinga yake wakaikokota nchi kavu. Mmoja uko Mombasa, Fort Jesus.

#14 Kobe Mwendapole

Wakaikokota nani? Nimeshaambukizwa na Mzee.

#15 Mkigoma Asilia

Na Kigoma je? Liemba ilikuwa meli ya vita ya Mjerumani, Graf von Goetzen. Ilitengenezwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwenye makasha mpaka Kigoma, ikaungwa upya, wakaizamisha wenyewe 1916 ili isichukuliwe. Waingereza wakaiinua 1924. Mtoto akishika chuma kile hahitaji mnara.

#16 Binti Kaboya

Samahani naingilia uzi. Nimesoma kuanzia juu. Mimi ni wa Muleba, na kwetu Kaboya ndipo walipozikwa wanajeshi wetu wa vita ya Kagera, 1978 na 1979. Mjomba wangu yuko pale. Nawaomba wenye watoto, msiishie ile ya 1914 kwa kuwa ni ya zamani na haiumi. Hii ya Amin wenye kuikumbuka bado wako hai, waulizeni sasa. Ukiwa njiani pita Kyaka uone lile kanisa lililopigwa mabomu, magofu yake yameachwa hivyo hivyo. Mama yangu kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, huvaa nguo yake ya kanisani hata kama haendi popote, anakaa karibu na redio.

#17 Mpare wa Milimani

@Binti Kaboya, asante, na pole kwa mama. Nitakutafuta pembeni.

Tofauti unayoisema ni kubwa. Kaboya mjomba wako ana jiwe na jina. Nchi iliyomtuma ndiyo iliyomzika. Namalizia Dar, mtaona kwa nini nasema hivi.

DAR

Tulilala kwa shemeji Kinondoni. Makaburi ya vita yako barabara ya Bagamoyo, mamia ya mawe, watu wanapita na daladala kila siku bila kujua. Hapo si mahali pake pa asili. Waliletwa 1968 kutoka Ocean Road kupisha ujenzi wa barabara mpya. Binti akauliza swali la kawaida la mtoto wa siku hizi: kama wazungu walihamishwa mmoja mmoja na majina yao, wapagazi walihamishiwa wapi?

Sikutaka kubuni, nikamweleza ninachokijua. Wapagazi wa upande wa Waingereza walipita milioni moja katika vita vyote. Waliokufa wanaohesabika rasmi ni wapatao laki moja kasoro, na risasi ziliua wachache. Waliuawa na kuhara damu, malaria, baridi ya mvua, na unga wa mahindi usioiva waliopikiwa watu waliozoea ndizi. Vita vilipokwisha, maofisa wa makaburi walikubaliana kwa barua kwamba makaburi ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa pori. Hiyo si tetesi ya kijiweni. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilitoa ripoti ikakiri, ikaomba radhi: watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri.

Binti akasema, "Kwa hiyo si kwamba walisahau." Ndiyo hivyo.

Mchana tukapita Kariakoo. Hapo hapakuhitaji maelezo marefu. Kambi ya wapagazi, Carrier Corps, midomo yetu ikaifanya Kariakoo, na Nairobi wakaifanya Kariokor. Mzee alinunua kofia na betri za redio, akabishana bei robo saa. Kijana akaniuliza kama sasa tumefika makaburini. Nikamwambia hapana, hapa ni sokoni. Nilimjibu haraka mno.

Mwisho Sanamu ya Askari, pale mzunguko wa Samora na Azikiwe. Walipoisimamisha 1927 waliiweka mahali palipokuwa pa sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani. Kwenye sanamu ya Nairobi mpagazi amesimama juu pamoja na wenzake. Yetu juu yupo askari peke yake, singe kaielekeza bandarini. Kuvuka ule mzunguko na mtu mwenye fimbo ni vita nyingine, msijaribu saa za jioni.

Kwenye jiwe pameandikwa Kiingereza, Kiswahili cha herufi hizi zetu, na Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Mzee alisoma chuo cha Kurani Usangi utotoni. Akavaa miwani, akaziacha zile herufi nyingine zote, akaanza kusoma za Kiarabu taratibu, kidole kikifuata jiwe, honi zinapiga nyuma yetu. Akafika pale panapotaja wapagazi, kwamba ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Akarudia hapo mara mbili. Halafu mstari wa mwisho, unaosema ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Mzee akavua miwani. Akamgeukia kijana akamwita kwa jina lake lote, la kwake na la ukoo. Kijana akaitika, "Naam babu." Mzee akasema twendeni, goti linauma.

#18 Mwana wa Vihiga

Nimeituma hii kwa mama yangu.

#19 Sindano Butu

Mleta mada, nimekuelewa. Songea lini? Pale Mahenge, Songea mjini, kuna kaburi la pamoja la walionyongwa 27 Februari 1906, Nduna Songea Mbano ana lake peke yake. Kumbukumbu hufanyika kila mwaka mwishoni mwa Februari. Rais wa Ujerumani alikuja pale Novemba 2023 akaomba msamaha mbele ya familia. Ukienda tarehe hizo utawakuta wajukuu wenyewe wanasimulia.

#20 Mama Wawili

Na maswali ya sisi wenye bajeti: ni sehemu gani ungeikata?

#21 Mpare wa Milimani

@Mama Wawili, ningekata usiku wa pili wa Tanga na kuongeza mmoja Taveta, maana Salaita asubuhi na makaburi mchana siku ileile ilikuwa nyingi. Beba maji mara mbili ya unavyodhani, kofia, viatu vya kufunga kwa ajili ya miiba, na daftari kwa kila mtoto. Binti alijaza lake, kijana alichora nyuki na baiskeli.

@Sindano Butu, shule zikiwa zimefunguliwa Februari haitawezekana, labda Juni. Nimemuuliza Mzee jana. Kasema Songea atakwenda, goti au bila goti, ila njia ipitie Kilwa. Nikamwambia Mzee, Kilwa ni kuzunguka sana. Akasema anajua.